Njia ya Maji na Msingi wa Nyumba: Habari za Kihonda na Ukuta wa Kisabengo

Kila kinapotolewa kijitabu cha Jubilei, majengo huhesabiwa: kanisa hili lilijengwa mwaka huu, shule ile mwaka ule, zahanati mwaka fulani. Ni vema, maana kazi ya wazee haifai kusahauliwa. Lakini bado hatujaona kitabu kihesabucho mitaro. Nani aliandika kwamba siku fulani watu walichimba mfereji nyuma ya nyumba, ili maji ya mvua yapite mbali? Na lau mtaro ule usingalichimbwa, jengo lenyewe lisingalikuwapo leo la kuhesabiwa. Basi sisi twaomba kurasa chache tueleze habari za maji na misingi katika nchi yetu ya Kihonda, na jinsi mambo ya kale yanavyotufundisha kazi ya leo.

NCHI YETU NA MAJI YAKE

Kihonda iko upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Morogoro, katika uwanda. Atazamaye kusini huiona milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vyapita mita 2,600 juu ya bahari. Milima ile huyapokea mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, na upande wake wa mashariki mvua ni nyingi mno. Huku chini kwetu mvua ni ya kiasi tu, kama milimita 800 hadi 900 kwa mwaka.

Mtu akisikia hesabu hiyo husema: Kumbe sisi tu watu wa nchi kavu, maji yatatudhuru nini? Hapo ndipo akoseapo, na sababu ni mbili. Ya kwanza, mvua yetu haiji kidogo kidogo mwaka mzima. Huja kwa vuli na kwa masika, na mara nyingi sehemu kubwa hunyesha kwa usiku mmoja, kisha jua huwaka kwa majuma mengi. Ya pili, sisi hatupokei mvua yetu peke yake. Mto Ngerengere na vijito vingi hutuletea na maji ya mlimani, na maji hayo hayaulizi kama kwetu kumenyesha au la.

Tena mlima wenyewe umebadilika. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, kwa muda usiozidi saa tatu. Wataalamu waliopita baadaye kukagua walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000, na karibu yote yalikuwa katika mashamba na malisho. Ndani ya msitu yalikuwa machache sana. Twaelewa basi kwamba penye miti maji hushuka polepole, na penye udongo mtupu hushuka kwa haraka na kwa hasira.

Udongo wa uwandani nao una tabia zake. Pako penye udongo mwekundu wenye mchanga, unywao maji upesi. Pako penye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa huvimba na ukikauka hupasuka nyufa pana. Nyumba iliyosimama juu ya udongo wa namna hiyo huinuliwa wakati wa masika na kushushwa wakati wa kiangazi. Wala hainuliwi sawasawa: pembe iliyolowa hupanda, iliyokauka hubaki. Hapo ukuta hauna budi kupasuka. Si kwetu tu. Uchunguzi wa nyumba za Kibaha uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza habari kama hizo, kwamba udongo uvimbao umezipasua nyumba nyingi kule.

UKUTA WA KISABENGO

Sasa tuingie katika historia. Katikati ya karne ya 19 mtu shujaa aitwaye Kisabengo alijenga mji chini ya milima ya Uluguru, karibu na mto Ngerengere. Njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita hapo. Alipofariki, binti yake Simbamwene alishika utawala, na mji ukavuma kwa jina hilo hata pwani.

Mwezi wa Aprili 1871 Henry Morton Stanley alipita hapo, akienda kumtafuta Livingstone, akaandika aliyoyaona. Mji ulikuwa wa pembe nne, umezungukwa na ukuta. Katika kila pembe ulisimama mnara wa mawe, na katika kila upande lilikuwapo lango lenye milango ya mbao ngumu iliyotiwa nakshi. Alikadiria nyumba kama 1,000, na watu 3,000 au hata 5,000. Ngome ile ilimstaajabisha hata akaifananisha na ngome alizoziona Uajemi.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili 1872, alirudi kwa njia ile ile. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa kupita kawaida. Katika mwezi huo huo, tarehe 15, tufani kuu iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu isiyo na hesabu, na Bagamoyo nako nyumba za misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 zikaharibika. Stanley alipofika mbele ya mji wa Simbamwene aliona mambo mengine kabisa. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umechukuliwa na mafuriko. Nyumba kama 50 zilikuwa zimebomoka. Mtawala alikuwa amekimbia. Vijiji vya Waluguru vya mlimani navyo vilikuwa vimepatwa, na kwa habari alizosikia alidhani kwamba watu wasiopungua mia walipoteza maisha.

Ni kitu gani kilichouangusha ukuta ule? Stanley alieleza kisa chake, nasi twaomba kila ajengaye nyumba akitie moyoni. Kisabengo alipokuwa hai alichimbisha mfereji wenye kina, ili kulileta tawi la Ngerengere karibu na mji wake. Mfereji ule ulikuwa fahari yake. Na ndio ulioleta maangamizi. Mto ulipojaa, uliifuata njia iliyokwisha kuchimbwa, ukaja mpaka ukutani. Mafuriko yalipokwisha, mto ulikuwa umejifanyia mkondo mpya, kama mita 270 tu kutoka mjini.

Hatumlaumu mzee yule. Mji wenye watu maelfu hauishi bila maji, na wakati wa vita mwenye maji karibu na ukuta ana nguvu. Lakini tuangalie sana: ukuta haukuwa dhaifu. Malango manne yalikuwa ya mbao ngumu, na minara ilikuwa ya mawe. Yaliyovunja ni maji, nayo yalikuja kwa njia ambayo mwenye mji aliyachimbia kwa mkono wake. Nguvu za mawe hazikumfaa kitu, kwa kuwa maji yalikwisha kuonyeshwa njia ya kuja.

Hilo ndilo neno letu katika makala hii. Msingi hauokolewi na unene wake. Huokolewa na maji kupewa njia nyingine ya kupita.

MAFUNDI WA KALE NA BATI LA SASA

Wazee wa Uluguru walilijua neno hilo. Nyumba zao za msonge zilikuwa za miti na udongo, yaani kitu ambacho maji hukiyeyusha upesi. Lakini zilidumu, kwa sababu paa la nyasi lilishuka chini sana, na ukingo wake ulitoka mbele mbali na ukuta. Mvua ilipopiga, nyasi ziliipokea na kuishusha polepole, tone baada ya tone, nayo ikaanguka mbali na ukuta. Mlimani mwenye nyumba alikata kiwanja katika mteremko, na upande wa juu maji yalichimbiwa mfereji, ili yateremkayo yagawanyike kulia na kushoto. Nyumba ya udongo ilisalimika kwa kuwa haikulowa.

Wamisionari walipofika Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1880, walikuja na ufundi wa Bagamoyo. Nyumba ya Mapadre ya Bagamoyo yaonekana hata leo, yenye baraza za matao. Watu wengi hudhani baraza ni mahali pa kupunga upepo tu. Ni kweli, lakini baraza pia ni mwavuli wa msingi. Mvua hunyesha nje ya baraza, na mguu wa ukuta wa ndani hukaa mkavu mwaka mzima.

Zamani za Wadachi, gari la moshi lilifika Morogoro mwaka 1907. Mizigo mizito ya pwani ikapata kuletwa kwa wepesi kuliko vichwani mwa wapagazi, na bati likaanza kuenea. Bati ni zuri: haliozi kama nyasi, haliwaki moto, halikai nyoka. Lakini bati lina tabia moja ambayo nyasi hazina. Halinywi hata tone moja, wala halicheleweshi. Maji yote yaliyoliangukia huyatupa chini mara moja, mahali pamoja.

Tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 10 ina mita za mraba 100. Mvua ya usiku mmoja ikifika milimita 50, paa lile litamwaga lita 5,000, yaani mapipa 25 yale makubwa ya lita 200. Kwa mwaka mzima wenye milimita 850, zitakuwa lita 85,000. Sasa mwulize mwenye nyumba: Je, ungalimruhusu mtu akumwagie mapipa 25 kwenye mguu wa ukuta wako usiku mmoja? Hangalikubali. Lakini paa lake lafanya hivyo, naye amelala.

Tena bati ni la kununuliwa, nyasi zilikuwa za kukatwa. Kwa sababu hiyo wengi hupunguza ukingo ili kuokoa bati moja au mawili. Paa huishia karibu na ukuta, na matone huchimba mfereji wao wenyewe juu ya msingi. Tukaacha desturi ya paa pana, tukaacha na mtaro, tukatumainia saruji peke yake.

KOSA LETU WENYEWE

Haifai kuwahukumu wengine tukajificha sisi. Nyumba yetu ya Kihonda tuliijenga kwa miaka mingi, kwa fedha za kudunduliza, matofali mwaka huu na mabati mwaka ule. Ilipokwisha tulifurahi sana. Tuliweka mfereji wa bati ukingoni, na bomba la kushushia maji tukaliachia mwisho wake kwenye pembe ya nyumba, juu ya udongo. Chini ya madirisha tulipanda maua, tukayamwagilia kila jioni wakati wa kiangazi. Tulijiona watu wenye akili.

Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili, lipu ilianza kubanduka kwa chini, na ukutani ikatokea chumvi nyeupe kama unga. Masika ya tatu, ufa ulitokea kwenye pembe ya dirisha ukashuka kwa mshazari mpaka chini, mahali pale pale bomba lilipomwaga. Tuliuziba kwa saruji. Mwaka uliofuata ulirudi, umezidi upana. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini sisi tuliuziba ufa, tukaacha maji. Kumbe ufa ulikuwa habari tu. Ugonjwa ulikuwa chini.

Fundi mwashi, mzee wa kazi, alipokuja hakuutazama ufa hata kidogo. Alizunguka nyumba, akachimba kwa jembe penye pembe, akatoa udongo mkononi akaufinyanga. Ulikuwa kama wa mfinyanzi, na wakati ule ulikuwa mwezi wa Agosti. Akasema, "Hamna ugonjwa wa ukuta. Mna kisima."

Basi tulitii. Tuliyaondoa maua, tukainua udongo kuizunguka nyumba, tukachimba mtaro, tukaupeleka mpaka mwisho wa kiwanja. Tukastarehe. Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, asubuhi jirani yetu, bibi mzee wa Kiluguru ambaye alikaa pale kabla yetu, alikuja mlangoni, miguu yake ina matope.

"Hodi wanangu."

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikuja kugomba. Nimekuja niwaulize: maji mmeyafukuza kwenu, mbona mmeyaleta kwangu?"

Tulikwenda kutazama. Jiko lake la miti na udongo lilikuwa limesimama katika dimbwi, na ukuta mmoja ulikuwa umelegea. Maji yale yalikuwa yetu. Tulikuwa tumemfanyia yeye lile ambalo mfereji wa Kisabengo uliufanyia mji: tumeyachimbia maji njia mpaka mlangoni pake. Tuliona haya sana.

Siku ile ile tuliwaita wenye viwanja vinne vilivyopangana. Palikuwa na maneno kidogo, maana mmoja alisema maji hayapiti kwake, na mwingine alikuwa amejenga uzio wa matofali usio na tundu. Bibi yule ndiye aliyetuamua. Alituonyesha mahali ambapo kijito kilipita zamani, kabla viwanja havijapimwa, nasi sote tulikuwa tumejenga juu ya njia yake. Tukachimba mtaro mmoja wa wote, siku tatu, kila nyumba ikitoa watu. Uzio ukatobolewa chini. Jiko la bibi tukalijenga upya kwa gharama yetu. Tangu hapo ufa wetu umekaa kimya.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwa ajili ya wajengao sasa twaandika kwa ufupi yale tuliyojifunza.

Kwanza, kabla ya kununua kiwanja, kitazame wakati wa mvua, na umwulize mzee wa mahali maji hupita wapi. Kiwanja kikavu cha Septemba kina siri zake.

Pili, nyumba na isimame juu. Sakafu ipite ardhi ya nje kwa sentimita 30 angalau, na 45 ni bora. Na ardhi inayoizunguka iteremke kwenda nje: katika mita 3 za kwanza ishuke sentimita 15. Udongo ulioujaza kando ya msingi ushindiliwe vizuri, kwa maana usiposhindiliwa hushuka, ukafanya bakuli la kukusanyia maji. Mpira wa maji wautumiao mafundi kupimia usawa wa msingi wafaa pia kupimia mteremko huu, macho hudanganya.

Tatu, ukingo wa paa utoke mbele sentimita 60 au zaidi. Penye mfereji wa bati, bomba la kushushia maji liishie mtaroni au kwenye tangi, lisiishie penye pembe. Na tangi likijaa, lina mahali pa kufurikia. Mahali hapo napo pawe mbali na ukuta.

Nne, mtaro uwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na usafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika. Mtaro uliojaa majani na mchanga ni birika. Miti mikubwa, bustani ya kumwagilia na shimo la maji machafu visikaribie msingi.

Tano, uliza mtaro wako waishia kwa nani.

Neno hili la tano si la nyumba moja moja tu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa, katika mkoa wetu. Watu zaidi ya 20,000 walipoteza makao, na njia ya reli baina ya Kilosa na Gulwe ikaharibika. Maji ya Kilosa hayakuanza Kilosa; yalitoka juu, kwa watu wengine. Na mji wetu wakua upesi. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu 315,866 katika Manispaa ya Morogoro. Ile ya 2022 ilionyesha 471,409. Kila nyumba mpya ni paa jipya, na kila paa ni mapipa 25 kwa usiku wa mvua kubwa, ambayo zamani yaliingia ardhini penye nyasi na vichaka. Maji yale yatakwenda wapi, kama kila mmoja huyasukuma kwa jirani?

Mji wa Simbamwene haukusimama tena kama Stanley alivyouona mara ya kwanza. Malango yake yenye nakshi hayapo. Ngerengere ungali unapita, na kila masika huinuka. Sisi tulio warithi wa uwanda ule tumepewa habari zake bila kulipa gharama yake. Basi mwaka huu wa Jubilei, watu watakapokwisha kuhesabu kuta, na washike majembe wazunguke nyumba zao, kisha waende mpaka kwa jirani wa chini. Yule bibi hawezi tena kutembea mbali, lakini kila vuli ikaribiapo hutuma mjukuu wake kutuambia neno moja tu: "Bibi asema, mtaro."